Mrejesho: Mguso wa Roland RD-2000 na Yamaha CP88

Ndugu zangu, niliuliza ni kinanda kipi kati ya Roland RD-2000 na Yamaha CP88 kinachomfaa mpigaji wa taarab, nanyi mkanishauri nivijaribu sauti ikiwa imezimwa, ili sikio lisikirubuni kidole. Nimeviazima vyote viwili kwa wanamuziki wenzangu hapa Mombasa, na nawashukuru kwa ushauri huo.

Vitufe vya Roland vimeundwa kwa mbao na plastiki kwa pamoja, na ukikibonyeza kimoja polepole unahisi, kabla hakijafika chini, kikwazo chepesi kinachoiga mtambo wa nyundo wa piano kubwa. Katika nyimbo za taratibu nilikipenda mno. Hata hivyo, taarab ina mapambo mengi ya noti moja inayorudiwa upesi, na hapo vitufe vyeupe vya mbao vya Yamaha viliniwahi zaidi, ingawa huenda ni mazoea ya mkono wangu tu.

Nilipowasha sauti, jambo lililonishangaza ni mpangilio wa mguso, yaani namna kinanda kinavyogeuza nguvu ya kidole kuwa ukubwa wa sauti. Nguvu ya kidole hupimwa kwa ngazi 1 hadi 127, na nilipochagua mpangilio mwepesi, noti zilizokuwa zikififia zilisikika vizuri, ilhali uzito wa kitufe chenyewe haukubadilika hata kidogo.

Nimeamua kununua Yamaha. Ina kilo 18.6 dhidi ya 21.7 za Roland, na anayevuka feri ya Likoni na kinanda begani ataelewa.