Vijana wangu wa U-15 (chini ya miaka 15) wamepoteza ari, nifanyeje?

Kocha wa Mtaa: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha vijana 22 huku Mbagala. Msimu uliopita mfadhili wetu alianza kutoa shilingi 2,000 kwa kila bao. Mechi tatu za kwanza moto uliwaka. Kisha washambuliaji wakaacha kupasiana, kila mmoja anataka afunge yeye, na mabeki wakanuna kwa kuwa wao hawaambulii kitu. Hela ilipokatika, mazoezini wanakuja saba au wanane. Nimewafokea, nimewakimbiza mizunguko, ndiyo kwanza wanapungua. Naumia, maana watoto hawa mpira wanaujua.

Winga wa Zamani: Pole mwalimu. Mizunguko ya adhabu acha kesho. Mimi niliacha mpira nikiwa na miaka 16. Kocha alikuwa ananitoa nikipoteza pasi moja tu, nikawa nacheza kwa woga, kila mpira narudisha nyuma. Bado inaniuma.

Mama Beki Tatu: Kocha wa mwanangu, hata wakifungwa, kila mtoto humwambia jambo moja alilofanya vizuri. "Leo umerudi kukaba mara zote." Basi mtoto akifika nyumbani ananisimulia hilo kabla hajavua soksi.

Ticha wa Michezo: Dada yuko sahihi kabisa. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, waliwafunza makocha wa besiboli ya watoto kusifu juhudi na kurekebisha kosa bila kumdhalilisha mtoto. Matokeo yalichapishwa 1992: kwa makocha waliofunzwa, watoto asilimia 5 tu hawakurudi msimu uliofuata, kwa wengine, 26. Kaka, kila anayehudhuria mazoezi mpe dakika za kucheza. Ukimweka mtu benchi, mweleze sababu.

Kocha wa Mtaa: Asanteni sana. Tatizo mfadhili anataka kurudisha hela za mabao. Nimwambieje asinikimbie?

Winga wa Zamani: Mna mipira mingapi?

Kocha wa Mtaa: Minne, mmoja unavuja.

Winga wa Zamani: Vijana 22! Nusu ya mazoezi wanasimama foleni, watajionaje wanakua? Mwombe mipira. Mwalike Jumamosi aone mwenyewe.

Kocha wa Mtaa: Nampigia sasa hivi.