Naomba ushauri: hii sinema ya wizi niionyesheje bandani?

Wakuu, habari za jioni. Nina banda la video Majengo, Moshi. Nataka kuonyesha Logan Lucky ya 2017, ya Steven Soderbergh, ambayo naona wengi waliipita tu bila kuitazama.

Ndugu wawili wa West Virginia, mmoja anachechemea na kafukuzwa kazi, mwingine muuza baa aliyepoteza mkono Iraq, wanapanga kuiba fedha za uwanja wa mbio za magari wa Charlotte, mashindano yakiendelea. Pale noti husafirishwa kwa mabomba ya hewa chini ya ardhi. Mtaalamu wao wa kulipua, Daniel Craig (ndiyo, yule aliyecheza James Bond, safari hii na nywele nyeupe), yuko jela. Inabidi atolewe, aibe, arudishwe kabla askari hawajashtuka! Utamu uko hapo: watu wanaoonekana mazuzu ndio wamepiga hesabu zote.

Shida ni kwamba wateja wangu wamezoea za kutafsiriwa na DJ, na hii mwanzoni ni maneno tu. Niliwaonjesha na maandishi ya Kiswahili chini, lakini runinga ni ndogo, wa nyuma wakapiga miluzi, "Weka ngumi!" Nikasimamisha nieleze, vichekesho vikapoa.

Sasa nauliza: nimtafute DJ aitafsiri yote, au nisimulie kidogo mlangoni kisha niiache iende? Na kuna nyingine ya wizi wa kuchekesha, maneno machache, ya kuwazoesha kwanza?