MREJESHO: Uvimbe wa kisogoni baada ya upasuaji wa Chiari

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa mliokuja leo: dada yangu alifanyiwa upasuaji wa Chiari, ile hali ya sehemu ya chini ya ubongo wa nyuma kushuka hadi ndani ya shingo. Mshono ulipoanza kukauka, kisogoni kukaota uvimbe laini, na kila akisimama kichwa kinampasuka.

Niliuliza humu ni nini na tufanyeje. Aliyenijibu "hayo ni maji ya ubongo yanavujia chini ya ngozi, rudini kwa daktari aliyempasua, zahanati wasimtoboe" alipatia kabisa. Kipimo cha picha cha MRI kilionyesha hivyo hivyo. Kulala chali na kunywa kahawa tulijaribu pia, hakukusaidia kitu. Aliwekwa mrija mwembamba kiunoni wa kupunguza maji. Uvimbe ukanywea, mrija ulipotolewa ukarudi. Ikabidi afunguliwe tena, utando wa ubongo ukazibwa kwa kiraka. Hapo ndipo ulipokoma. Kisha ikaja homa na shingo kukakamaa, roho zikatutoka tukihofia maambukizi ya utando wa ubongo, lakini maji ya ubongo yaliyopimwa hayakuota bakteria. Wakampa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe wa ndani ya mwili, akatulia.

Sasa anakohoa na kucheka bila kushika kichwa. Ganzi ya vidole vya kushoto bado ipo. Daktari anasema huenda isiishe yote. Anaendelea na fiziotherapia.

Mlionijibu usiku ule, na mliotuombea, asanteni sana. Mwenye mgonjwa kama huyu akiona maji maangavu yanachuruzika kwenye mshono, asisubiri tarehe ya kliniki.