Mungu wa alfajiri na mwoka mikate wa Athens

Swali: Naandika komedi ya mapenzi. Eos, mungu wa kike wa alfajiri, anampenda mwoka mikate wa Athens. Saa kumi alfajiri wako macho wao wawili tu: bibie na vidole vyake vya rangi ya waridi, kijana na unga hadi viwikoni. Nimekwama: kijana atazeeka. Nifanyeje?

Jibu: Usimpe uzima wa milele! Eos alishamwombea Tithonus, mpenzi wake mwanadamu, kwa Zeus, mfalme wa miungu, akasahau kuomba na ujana. Jamaa akasinyaa mpaka akawa nyenje. Basi kila Eos akisikia nyenje, ashtuke.

Jibu: Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, ndiye aliyemlaani Eos apendepende, kwa kuwa alilala na Ares, mungu wa vita, mpenzi wa Aphrodite. Mpangishe Aphrodite jirani na duka la mikate.

Muulizaji: Nyenje! Kiangazi Athens wanalia mchana kutwa. Naanza upya leo.