USHAURI: Grini za gofu zimekuwa godoro, nyasi ya kikuyu imemeza ukoka. Tung'oe zote au bado zinaokoka?

Kinyanambo B

Kamwene wakuu. Naomba ushauri wa wanaojua nyasi za gofu, si bustani za hoteli.

Uwanja ni wa umma, mashimo 9, upande wa Mafinga kuelekea Makambako, kimo karibu mita 1,900. Grini, yaani sehemu za nyasi fupi zenye shimo, ni za ukoka, kila moja ina mita za mraba kama 250. Kikuyu imeingia kutoka pembeni, na kwenye grini tano imeshafika katikati. Ukikanyaga unabonyea kama godoro, mpira ukitua unazama, ukiupiga kuelekea shimo unarukaruka. Grini ya 4 na ya 7, zilizo chini ya misindano (paini) na milingoti (mikaratusi), zina upara na ute wa kijani. Feawei ya 2, yaani njia ya nyasi ya kuelekea grini, imekatwa na njia ya waendao sokoni, na ng'ombe wanapita humo humo.

Vifaa: mashine moja ya kukata nyasi ya silinda isiyonolewa siku nyingi, mbili za bleedi (kisu kinachozunguka), pampu moja, vijana wanne. Kamati imegawanyika. Kuna wanaotaka tung'oe zote tisa na kuagiza mbegu nje, na kuna wanaotaka turudi kwenye brauni, yaani grini za mchanga. Mnasemaje?

Ukoka Asili

Mkuu, msing'oe kitu kabla ya kupima. Chukua kisu kirefu, kata kabari ya sentimita 10 kwenda chini, kama mtu anavyopima tikiti kabla ya kununua. Juu utaona majani, chini yake tabaka la kahawia lenye nyuzi, halafu udongo. Hilo la kahawia ndilo godoro: mashina na mizizi iliyokufa bila kuoza. Chini ya milimita 12 halina neno, hata linasaidia kupokea mpira. Likizidi hapo linashika maji, mizizi inaota ndani yake badala ya kushuka ardhini, na mashine inazama na kunyoa upara.

Kuhusu mbegu za nje, kamati ijue jambo moja: aina nzuri za ukoka wa grini, zile chotara zenye jani jembamba, hazina mbegu. Ni tasa, zinapandwa kwa vipande vya mashina tu. Mbegu ya ukoka utakayouziwa kwenye mfuko ni ya ukoka wa kawaida, ambao mnao tayari. Hela hiyo nunueni mchanga.

Na feawei iacheni kikuyu itawale. Ni nyasi ya nyanda zetu hizi hizi za Afrika Mashariki, inavumilia baridi kuliko ukoka na inafunga kidonda haraka. Torrey Pines ni uwanja wa umma wa jiji la San Diego kule Marekani, kikuyu imejaa kwenye feawei zake, na mashindano ya gofu ya US Open yamechezwa hapo 2008 na 2021. Ikateni milimita 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki wakati wa mvua. Adui ni kikuyu iliyovuka mpaka wa grini.

fundi silinda

Naongeza la mashine, maana nusu ya tatizo huenda ipo hapo. Bleedi haikati, inapiga. Chini ya milimita 15 inachana ncha za majani, zinakauka nyeupe, na kwenye mwinuko mdogo inanyoa mpaka udongo. Grini ni kazi ya silinda peke yake.

Ijaribuni kwa karatasi. Zima mashine, toa waya wa plagi, ingiza kipande cha gazeti kati ya silinda na kisu cha chini, zungusha kwa mkono. Ikate safi kuanzia kushoto hadi kulia. Ikikunja upande mmoja, kaza skrubu za upande huo robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ikikunja kote, inolewe: changanya pesti ya kusagia vavu na sabuni ya maji, paka kwa brashi kwenye meno ya silinda, kisha izungushe kinyumenyume mpaka makali yarudi. Osha kabisa, ikibaki pesti inaendelea kula chuma. Ila kisu cha chini kikiwa na mdomo wa duara, pesti haisaidii, kipelekeni kikachongwe.

Urefu wa kukata usipimwe kwa kuangalia namba kwenye mashine. Lalisha chuma kilichonyooka kutoka rola ya mbele hadi ya nyuma, pima kutoka kwenye chuma hicho mpaka ukingo wa kisu. Kwa uwanja wenu milimita 7 inatosha. Wanaotaka 4 wana mashine nne na maji ya kumwaga.

Mlingoti Mmoja

Grini ya 4 na ya 7 mtaweka mchanga, mtaweka mbolea, na hamtapona. Ukoka ni nyasi ya jua: saa 6 za jua kamili kwa siku ndiyo chini kabisa. Chomeka kijiti katikati ya grini, mtu aandike kila baada ya nusu saa kama kina jua au kivuli. Fanyeni siku mbili tofauti zisizo na mawingu.

Watu wengi wanakata mti usiohusika. Huku kwetu, nyuzi 8 na nusu kusini ya ikweta, jua la Juni linapita upande wa kaskazini. Mti wa mita 25 uliosimama kaskazini mwa grini unatupa kivuli cha mita 15 hivi adhuhuri, na huo ndio mwezi ambao nyasi tayari inateseka na baridi. Uleule mwezi Desemba haufiki hata mita 7, tena upande wa pili. Kwa hiyo kwanza tazameni miti ya kaskazini, kisha ya mashariki inayozuia jua la asubuhi, maana umande ukikaa mpaka saa 4 ute wa kijani hauondoki. Ya kusini iacheni.

Halafu mizizi. Mlingoti unakunywa maji ya grini usiku na mchana. Chimbeni mfereji wa sentimita 60 hadi 90 kati ya mti na grini, kateni mizizi yote mtakayokutana nayo, wekeni nailoni nzito ukutani mwa mfereji, fukieni. Msindano ukiukata hauchipui tena. Mlingoti unachipua, kisiki chake kikatwe machipukizi kila mwezi mpaka kichoke. Na kwa kuwa eneo ni la umma, msiguse mti bila kibali cha maandishi.

Brauni Hadi Kesho

Mnamzungusha mwenzenu. Vijana wanne, pampu moja, grini tisa? Brauni ndiyo jibu. Duara la nusu kipenyo mita 8 hadi 9, udongo ushindiliwe vizuri ukiwa na mteremko mdogo sana, juu mchanga wa sentimita 2 uliochekechwa, ubao wa kuburuta na reki. Haihitaji maji, haijui kikuyu, ng'ombe akipita unaburuta ubao mara moja basi. Mchezaji anasawazisha njia kati ya mpira na shimo, anapiga. Viwanja vingi vya nchi hii vilianza hivyo.

Ukoka Asili

@Brauni Hadi Kesho kwa uwanja usio na maji kabisa nakubaliana nawe. Tatizo ni mafuta. Brauni za zamani zilifungwa kwa oili chafu ya magari ili upepo usipeperushe mchanga, na oili hiyo ina metali nzito zinazoshuka na mvua mpaka kijitoni. Bila oili, mvua ya Januari inaondoka na mchanga wako na unaurudishia kila wiki. Kwa grini moja au mbili zilizoshindikana kwa kivuli, sawa. Kwa tisa zote ni kutupa ukoka ambao bado uko hai.

Kinyanambo B

Shukrani wakuu. Tumepima. Godoro: grini ya 1, 3, 6, 8 na 9 zina milimita 20 hadi 25. Ya 2 na ya 5 zina 12. Ya 4 na ya 7 hazina godoro, udongo umeshindiliwa kama barabara. Muda wa jua kwa siku: ya 4 saa 3 na nusu, ya 7 karibu saa 5. Karatasi imekunja kote. Mchanga tunaoweza kupata ni wa mtoni, utatufaa? Na dawa ya kuua kikuyu bila kuua ukoka ipo?

Ukoka Asili

Dawa: sumu ya magugu inayoua kila jani itaua vyote viwili, na nyingi zinazoikamata kikuyu zinaumiza na ukoka. Kwa ukubwa wenu tumieni mikono. Palipo na kikuyu ya mabaka, toa bonge lote kina cha sentimita 15, maana mashina yake ya chini ya ardhi ukiyaacha hata kipande cha kidole yanarudi. Jaza mchanga, panda ukoka. Kisha zungushieni grini kijifereji cha upana wa sentimita 10 na kina cha 15, kila wiki mbili pita na panga ukate kila mkono wa kikuyu unaovuka. Mkiacha mwezi mmoja wa mvua, kazi yote imepotea.

Palipo na kikuyu zaidi ya nusu, hapo ndipo pa kufumua grini nzima. Ila msifumue zaidi ya mbili kwa msimu. Kateni grini ya muda mbele yake kwenye feawei, wachezaji waendelee.

Mchanga: jaza chupa ya lita moja theluthi yake mchanga, ongeza maji, tikisa, acha saa moja. Utatua kwanza mchanga, juu yake tope. Kwenye mchanga wa sentimita 10, tope likizidi milimita 5 ukataeni au uosheni. Chembe ziwe kati ya robo milimita na milimita moja, kwa hiyo chekecheni kwa wavu wa mbu wa dirishani. Mchanga laini kama unga unaziba, ule wa zege unaharibu kisu cha fundi.

Hesabu: milimita 3 juu ya mita za mraba 250 ni robo tatu ya mita ya ujazo kwa grini, karibu 7 kwa zote. Kwanza toboeni kwa jembe uma, kina sentimita 10, nafasi sentimita 10, ukilitikisa kidogo kabla ya kulitoa. Watu wanne wanamaliza grini moja asubuhi moja. Mwaga mchanga mkavu, buruta zulia kuukuu mpaka uingie kwenye matundu na ncha za majani zionekane. Rudieni kila wiki nne, Desemba mpaka Machi. Godoro halitoki kwa siku moja, mnalipunguza huku mkilichanganya na mchanga.

Mbolea: urea kilo 1.3 kwa grini, kila wiki tatu au nne wakati wa mvua, nusu ukitembea mashariki-magharibi, nusu kaskazini-kusini, mwagilia papo hapo. Mkizidisha, mnailisha kikuyu, inapenda naitrojeni kuliko ukoka. Chokaa msiweke kwa kubahatisha. Pelekeni udongo ukapimwe, TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo) au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo).

Mlingoti Mmoja

Ya 4 kwa saa 3 na nusu haina mjadala, ihamisheni au iwe brauni. Ya 7 mkiondoa miti ya kaskazini mnaweza kufika saa 6.

Njia ya sokoni msiizibe kwa senyenge, watu wataikata usiku na kuanzisha nyingine mbili. Isogezeni pembeni mwa feawei, upana mita moja na robo, moramu iliyoshindiliwa, na mti wa kivuli mmoja mmoja. Watu hufuata njia isiyo na matope. Ile ya zamani toboeni kwa jembe uma, kikuyu itaifunga yenyewe kabla ya mvua kwisha. Kwa sasa izungusheni rangi nyeupe iwe eneo linalotengenezwa, Kanuni ya 16.1 ya gofu inampa mchezaji nafuu bila adhabu.

Kinyanambo B

Maji je? Tuna tangi la lita 5,000 na mto uko karibu.

Ukoka Asili

Milimita 1 juu ya mita za mraba 250 ni lita 250. Kiangazi mpeni kila grini milimita 12 kila baada ya siku tatu, lita 3,000, na si kidogo kidogo kila jioni, maana hapo mnafundisha mizizi kukaa juu. Mkigawa grini tatu kwa siku ni lita 9,000, tangi linajazwa mara mbili. Panga makopo ya nyanya matano juu ya grini uone maji yanafikaje, mara nyingi upande wa upepo unabaki mkavu. Kwa mto mnahitaji kibali cha matumizi ya maji cha bodi ya maji ya bonde, na pampu na mbolea visikae ndani ya mita 60 za kingo.

Tengeni kitalu cha ukoka leo. Mita ya mraba moja ya ukoka mzuri, ukiikatakata vipande vya sentimita 5 hadi 10 vyenye vifundo viwili au vitatu, inapanda mita kumi. Kwa grini mbili andaeni mita 50, mbali na kikuyu, kwenye jua la siku nzima. Vipande vitoke grini ya 2 na ya 5, ambazo ni safi zaidi. Mistari iachane sentimita 15 hadi 20, robo ya kipande ibaki nje, bonyeza kwa rola nyepesi, mwagilia kidogo mara tatu kwa siku kwa wiki mbili. Pandeni mvua ikishakolea, Desemba au Januari mwanzoni. Mkipanda Aprili baridi itaukuta ukoka haujafunga.

fundi silinda

Mkishaanza kukata, shusheni milimita moja kila siku kumi, msiruke kutoka 15 hadi 7 kwa mkupuo. Katikati ya Mei pandisheni hadi 9, acheni hapo mpaka Agosti iishe, hakuna kutoboa wala mchanga miezi hiyo. Na asubuhi yenye sakitu, ile barafu nyeupe juu ya majani, mtu asikanyage grini wala mashine isiingie mpaka iyeyuke yenyewe. Alama za viatu vya siku hiyo mtazitazama wiki kadhaa.