Hitchi ya fifthwili kwa pikapu ya bodi fupi: slaida, Andersen ama nibadilishe pinboksi?

NesiBarabarani
Hamjambo wadau. Nanunua tela la fifthwili (lile la kuishi ndani, pua yake inafungwa juu ya bodi ya pikapu) na pikapu yangu ni ya bodi fupi, yaani sehemu ya mizigo ya nyuma ni fupi, sasa kila mtu ananitisha eti nikikata kona kali pembe ya tela itakuja ivunje kioo cha nyuma. Pale wanapouza wananiuliza niwekewe hitchi gani (kile chuma cha kuunganisha tela na pikapu), ya kawaida, slaida (inayoteleza nyuma wakati wa kona) ya mkono, slaida ya otomatiki, ama ile ya aluminiamu inayokaa juu ya boli, ile tufe ya chuma katikati ya bodi. Bei zimeachana sana jameni. Jumamosi naenda kulipa. Nyinyi mnatumia gani?

BabaNeema_Tulsa
Dada habari za huko. Sasa hapo ni kama umeingia duka la dawa ukasema nipe ya kuumwa. Pikapu gani, ya mwaka gani, bodi futi ngapi? Tela lina uzito gani, na pua yake ni mraba au imekatwa pembeni? Bodi ina mashimo ya kiwandani au haina? Bila hayo kila mtu atakutajia aliyonayo yeye.

DerevaWaSemi
Na mimi nataja yangu, slaida ya otomatiki, PullRite SuperGlide. Ukianza kukunja yenyewe inasukuma tela nyuma, ukinyoosha inarudi mbele, hushuki, huvuti lever, hufikirii. Mengine yote ni kujitafutia presha.

Kasongo_KY
Miye natumia Andersen, ile ya aluminiamu. Haina uzito, nabeba peke yangu naweka ku garage, bodi yote inabakia huru nabeba vitu vingine. Ile ya DerevaWaSemi ukitaka kuitoa lazima uite majirani.

DerevaWaSemi
@Kasongo_KY naitoa ya nini wakati kazi yake ni kukaa mle?

NesiBarabarani
Pikapu ni Ram 2500 ya dizeli, bodi ya futi 6 na inchi 4. Mashimo ya kiwandani yapo, yale manne na la katikati. Tela ni la futi 33 hivi, upana 8 na nusu. Pua sijaangalia vizuri, naona kama imeviringishwa. Mimi ni nesi wa kandarasi za wiki 13, leo Fort Worth kesho New Mexico, nimechoka kulipia watu kodi ya nyumba kila nikihamishwa, nataka niishi mle ndani. Kwa hivyo si ya wikendi, ni ya kuhama nayo.

Juma_Amarillo
Mzee ameshawahi kuvuta tela kubwa? Mpe mazoezi kwanza kwenye pakingi ya kanisa siku za kazi.

NesiBarabarani
Mzee yuko Nakuru anangoja visa. Atakayevuta ni mimi. Nimeendesha lori la maziwa la babangu Kinangop barabara ikiwa matope matupu kwa hivyo tuendelee na hitchi.

Juma_Amarillo
😂 Nisamehe dada. Basi ngoja nikupe yaliyonikuta maana mimi nilikuwa na bodi fupi kama hiyo hiyo. Nilinunua tela la upana huo huo, inchi 102, pua mraba kabisa kama sanduku la chai. Nikawauliza mafundi wa pale nilipofungiwa hitchi, jamani hii haihitaji slaida? Wakacheka, wakasema matela ya siku hizi yanakata kona yenyewe, weka ya kawaida uokoe hela. Sawa, nikaamini, wao ndio mafundi. Wakafunga reli za kushikilia hitchi, wakanikabidhi. Barabara kuu hakuna shida, nimetoka Amarillo mpaka Colorado kama nateleza. Nimefika kambini jioni, mvua, eneo lenyewe unaingia kwa kurudi nyuma halafu kuna mti kushoto. Narudi pole pole, mke wangu yuko nyuma anamulika tochi anaangalia mti, hakuna anayeangalia kichwa. Nikakunja kidogo zaidi nikasikia mlio kama mtu amekanyaga chupa, kugeuka hivi kioo kizima kimemwagika kwenye siti ya mtoto. Bahati mtoto alikuwa ndani ya ofisi ya kambi na dada yake. Pembe ya paa la kebini imebonyea, pua ya tela imechanika kama unavyochana boksi la maziwa. Tulilala na nailoni dirishani. Kesho yake nikachukua futi nikapima, kutoka katikati ya taya za hitchi zinazoshika tela mpaka kebini ni inchi 38. Nusu ya inchi 102 ni 51. Sasa pembe ya inchi 51 itapita wapi kwenye nafasi ya 38? Na zaidi ya hapo wale mafundi walikuwa wamefunga reli mbele kuliko karatasi ya maelekezo ilivyosema, wakakataa katakata kwamba ni kosa lao, wakasema mimi nilikunja kupita kiasi. Bima ililipa kioo, paa nikajilipia.

BabaNeema_Tulsa
Pole sana. Hiyo hesabu ya 51 ndiyo kila mtu aifanye kabla ya kulipa. Dada, pima kutoka kwenye shimo la katikati la bodi mpaka kebini, halafu nenda na futi ukapime pua ya tela, umbali wa kutoka kingpini (ile pini ya tela inayoingia kwenye hitchi) mpaka ile pembe yenyewe, mshazari, siyo mbele tu. Kama pua imekatwa pembeni na pinboksi (mkono wa chuma wa tela unaobeba kingpini) ni ndefu unaweza kukuta hitchi ya kawaida inatosha kabisa.

Mwana_Lamu
Mbona hakuna aliyemtajia Reese Sidewinder? Hiyo unabadilisha pinboksi ya tela, hitchi inabaki ya kawaida. Kingpini inakabwa na kabari haizunguki, kinachozunguka ni pinboksi yenyewe inchi 22 nyuma zaidi. Yaani tela linajikunja nyuma ya bodi, mbali na kebini. Mimi sina kitu kinachoteleza ndani ya bodi, sipaki grisi reli, sina lever ya kusahau.

DerevaWaSemi
Ndiyo, na kabari yake lazima ioane na aina ya hitchi yako, na siku ukibadilisha hitchi unanunua kabari nyingine. Usimfiche.

Mwana_Lamu
Na SuperGlide ina ile pleti inayofungwa kwenye kingpini, gari lako likiharibika njiani na tela nyuma hakuna pikapu nyingine ya kulivuta mpaka pleti itolewe. Tusifichane wote.

Wanjiku_MN
Slaida ya mkono nayo mnaionea. Mimi ndiyo natumia na ni bei nafuu. Ukifika mahali pa kukunja unasimama, unavuta lever, unashika breki za tela kwa kile kidude cha dashibodi, unasogeza gari mbele inateleza, inalia klak. Ukimaliza unairudisha. Shida yake ni moja, huwezi kujua kona kali ni gani mpaka uko ndani yake, na sheli ikiwa na foleni nyuma yako watu wanakupigia honi wewe unahangaika na lever. Na usiende nayo barabara kuu ikiwa imeteleza nyuma, hapo uzito umehama nyuma ya eksile na usukani wa mbele unakuwa mwepesi vibaya.

Kasongo_KY
Na Andersen je? Ile boli inakaa pale pale, ila dada kama pua imekatwa iko sawa. Miye sijagusa kebini hata mara moja.

Juma_Amarillo
Andersen ni adapta ya gusneki kwa jina lingine, na kuna watengeneza fremu wanaosema ukiweka adapta ya gusneki waranti ya fremu basi tena.

Kasongo_KY
Hapana ndugu, iko tofauti. Adapta ya gusneki ni bomba refu inatoka ku pinboksi inashuka mpaka chini ku boli, sasa ukikanyaga breki lile bomba linafanya wenzo, linakunja fremu ya tela. Andersen ile piramidi inabakia ndani ya pikapu, tela inashikwa juu pale pale kingpini ilipo. Nguvu haiongezeki ku tela.

Juma_Amarillo
Wewe unasema hivyo, na waranti inasomwa na mwanasheria wao siyo wewe. Apate jibu la maandishi kutoka kwa waliotengeneza fremu.

BabaNeema_Tulsa
Jamani mnabishana hitchi na mtu hajasema uzito. Dada fungua mlango wa dereva, kuna stika ya njano, imeandika watu na mizigo visizidi pauni ngapi. Halafu tela GVWR yake, yaani uzito wa juu kabisa likiwa limepakiwa, ni ngapi?

NesiBarabarani
Stika ni 2,060. Tela wameandika 13,200. Lakini muuzaji amesema uzito wa pini, ule unaoegemea pikapu, ni 1,900 kwa hivyo niko ndani.

BabaNeema_Tulsa
Nilijua. 1,900 ni tela tupu, bila betri wala gesi, bila maji, bila sufuria zako. Fifthwili iliyopakiwa inaegemeza pikapu kama asilimia 20, wengine zaidi. Asilimia 20 ya 13,200 ni 2,640. Hapo hujajiweka wewe, hujaweka hitchi, na SuperGlide ya huyu bwana ni nzito. Ram 2500 ya dizeli inakudanganya hapo, injini ya Cummins inavuta mlima lakini ile injini yenyewe imekula payload, ule mzigo unaoruhusiwa kubeba. Ungekuwa na 3500 tusingekuwa tunaongea haya.

DerevaWaSemi
Ile stika ni karatasi. GVWR ya 10,000 wameiweka kwa ajili ya daraja la usajili, eksile ya nyuma inabeba zaidi. Weka airbag za nyuma, mipira ya hewa ya springi, ikae sawa, twende kazi.

BabaNeema_Tulsa
Airbag inanyanyua matako ya gari, haiongezi pauni hata moja kwenye stika. Na 2500 nyuma ina springi za koili, siyo za majani kama 3500. Wewe semi unapimwa kila jimbo, unajua kabisa ukizidi wanakufanya nini, kwa nini yeye umwambie karatasi?

DerevaWaSemi
Sijasema avunje sheria. Nasema aende CAT Scale, mizani ya malori, kwenye truck stop yoyote apime eksile kwa eksile, aone namba zake mwenyewe, siyo za brosha wala za kwako. Na hitchi yoyote atakayochukua, kingpini ikishaingia ainame na tochi aangalie taya zimefunga NYUMA ya pini, kisha ashike breki za tela avute mbele kidogo kabla hajanyanyua miguu ya tela. Kingpini ikikaa juu ya taya badala ya ndani inaonekana imeingia kabisa, unaondoka mita tano tela linalala juu ya bodi.

Wanjiku_MN
Hiyo nakubali mia kwa mia. Dada na kama kandarasi zako zitakupeleka California ujue kule fifthwili ikipita pauni 10,000 leseni ya kawaida haitoshi peke yake.

NesiBarabarani
Weh. Sasa hiyo nayo sikuijua. Nimewaandikia wauzaji wanitumie picha ya pua na vipimo vya kingpini. Wanasema Sidewinder hawana, wana SuperGlide na Andersen tu. Pia wana tela dogo la 10,400, ila halina mashine ya kufua.

Mwana_Lamu
Chukua dogo. Nguo utafua kambini.

Wanjiku_MN
Nesi wa zamu za saa 12 aende kupanga foleni ya kufua na skrabu (sare za kazi) zenye damu? Wewe hujui hiyo kazi.

Kibe_Lowell
Swali nje ya mada, ukimaliza nayo unaweza kuisafirisha Mombasa? Nina shamba Laikipia ingefaa sana.

Juma_Amarillo
Tela sijui, ila Ram yenyewe sahau, Kenya usukani wa kushoto haiingii, na ikipita miaka 8 ndiyo kabisa. Utalivuta na nini, punda?

Kibe_Lowell
Trekta iko.

Kasongo_KY
Trekta na Andersen inawezekana 😂

Omari_Wichita
Samahani kuingilia, nina reli na hitchi ya kawaida ya pauni 16,000 nilitoa kwenye F-250 ya bodi ndefu, taya nzima, kabari ya Sidewinder ipo pia. Anayetaka aseme.

Mwana_Lamu
Kabari ya hitchi aina gani?