Vitabu vya Nick Brandt: nianze na kipi?

Mwanagenzi: Ndugu wanajukwaa, mimi hupiga picha za harusi kwa riziki na za wanyama kwa mapenzi. Nataka kitabu kimoja cha Nick Brandt, yule Mwingereza wa tembo wa Amboseli wa rangi nyeusi na nyeupe, lakini mfuko wangu hauruhusu viwili. Kipi kinaonyesha vizuri zaidi jicho lake, na jicho hilo alilipata wapi?

Mzee wa Filamu: Karibu, ndugu. Brandt alisomea uchoraji na filamu huko Saint Martin's, London, na mwaka 1995 alikuja Tanzania kuongoza video ya "Earth Song" ya Michael Jackson. Hapo ndipo alipovutwa na wanyama wa nyika zetu. *On This Earth* kilitoka 2005, kikafuatwa na *A Shadow Falls* (2009) na *Across the Ravaged Land* (2013), na majina hayo yakisomwa kwa mfululizo yanakuwa sentensi moja. Anza na cha kwanza. Hakutumia lenzi ya kuvuta mbali: alimsogelea mnyama akamngoja, kama wewe unavyomngoja babu wa bibi harusi atulie kitini, ndiyo maana mawingu na majani ya nyika yanabaki ndani ya picha badala ya kugeuka ukungu nyuma ya simba.

Wa Longido: Kwa heshima, Mzee, mimi ningechagua cha 2013. Mna ndege na popo waliokaushwa na magadi ya Ziwa Natron, na hapa nirekebishe uvumi: ziwa haligeuzi kiumbe kuwa jiwe papo hapo. Brandt aliwaokota ufukweni wakiwa wamekwisha kufa, akawapanga juu ya matawi kana kwamba wangali hai. Wapo wanaoiita hila. Kwangu ni mkono wa mchoraji.

Mwanagenzi: Ahsanteni. Na *Inherit the Dust*?

Mzee wa Filamu: Hicho ni cha 2016. Alichapa picha za wanyama kwa ukubwa wao halisi, akazisimamisha nchini Kenya mahali ambapo wanyama hao walikuwa wakizurura zamani: jalalani, machimboni, chini ya barabara za juu. Tembo amesimama kati ya takataka, na watu wanaendelea na shughuli zao bila hata kumtazama.